Kaunta Buku Kando ya Kompyuta
Mhadhara wa umma kuhusu dalili za mkakati wa TEHAMA uliopitwa na wakati

Igawa ni mji mdogo wa barabara kuu. Anayetoka Makambako kwenda Mbeya huukuta mapema, mara baada ya kuingia Wilaya ya Mbarali. Malori ya Zambia na Kongo hupita hapo usiku na mchana, yakishuka na shaba kwenda bandari ya Dar es Salaam na kurudi yamebeba mafuta, mbolea na makontena. Upande wa kaskazini limelala bonde la Usangu na mashamba yake ya mpunga. Mhadhara kuhusu mikakati ya TEHAMA ya makampuni ungetarajiwa uanzie Posta, Dar es Salaam, kwenye maghorofa ya vioo. Huu unaanzia Igawa, kwa sababu Igawa inaonyesha jambo ambalo maghorofa hulificha.

Karibu kila kinachopita hapo kina kumbukumbu yake katika kompyuta ya mtu mwingine. Nyaraka za mzigo wa lori ziko kwenye mfumo wa forodha wa TANCIS. Basi limefungwa kifaa cha VTS kinachoipa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, taarifa ya mwendo wake kila wakati. Kituo cha mafuta kinatoa risiti ya EFD, mashine ambazo TRA ilianza kuzieneza mwaka 2010. Mama ntilie ana lipa namba iliyobandikwa ukutani. Mwenye biashara hapa anaweza asiwe na seva hata moja, na bado shughuli zake zikategemea mifumo minne au mitano asiyoimiliki, ambayo ikibadilika naye lazima abadilike, apende asipende.

Bodi nyingi za wakurugenzi zinapojadili kama wakati wa kuhuisha mifumo umefika, huanza na umri wa mashine: kompyuta hizi zilinunuliwa lini, seva ile ina miaka mingapi. Ni swali jepesi na jibu lake halisaidii sana. Mashine ya miaka kumi inaweza kuwa inafanya kazi iliyokusudiwa bila tatizo, na ya mwaka jana ikawa imepitwa siku ile ile ilipofunguliwa boksi. Kinachozeeka ni makubaliano kati ya shughuli na mfumo. Shughuli inahama, mfumo unabaki palepale, na katikati yake anasimama karani akiziba pengo kwa mikono yake.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko ukutani katika kila duka la Igawa, nao ni mita ya LUKU. Mfumo wa Lipa Umeme Kadri Utumiavyo ulianza kuenea nchini katika miaka ya 1990. Mita zake zinafuata kanuni za kimataifa zilizoasisiwa Afrika Kusini, zinazojulikana kwa kifupi cha STS. Mteja akinunua umeme anapewa tokeni ya tarakimu 20, na ndani ya tarakimu hizo kumefichwa muhuri wa wakati: idadi ya dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993. Mita huweka kumbukumbu ya mihuri iliyokwisha kuipokea. Ndiyo maana mtu hawezi kuingiza tokeni moja mara mbili, hata awe mjanja kiasi gani.

Wahandisi waliipa hesabu hiyo ya dakika nafasi ya biti 24. Biti 24 zina nafasi ya namba 16,777,216 tu. Zikigeuzwa miaka ni karibu miaka 32, na mwisho wake ulikuwa tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu ingerudi sifuri, na mita ingeiona tokeni iliyonunuliwa leo kuwa ya zamani na kuikataa, ilhali fedha imeshalipwa.

Tarehe hiyo haikumshtukiza mtu yeyote aliyetaka kuijua. Ilikuwa ndani ya kanuni tangu siku zilipoandikwa. Mwanafunzi wa sekondari mwenye kikokotoo angeipata kabla ya kengele ya mapumziko. Hata hivyo kurekebisha kulihitaji jasho, kwa kuwa mita nyingi za aina hiyo haziongei na makao makuu. Hakuna kitufe ambacho mtu wa huko angebonyeza zote zikasikia. Duniani zilikuwa makumi ya mamilioni, na kila moja ilihitaji mtu asimame mbele yake.

Mwaka 2024 wateja wa TANESCO, shirika la umeme, wakaanza kupokea makundi matatu, kila moja la tarakimu 20, pale walipozoea kupata kundi moja. Kundi la kwanza na la pili yalibadilisha ufunguo wa mita na kuipa kalenda mpya. La tatu ndilo lililoleta uniti. Aliyekuwa na haraka aliingiza la tatu kwanza, mita ikakataa. Tarakimu 60, kwenye vitufe vya mpira ambavyo katika maduka mengi namba zimeshafutika kwa kuguswa, mteja akisoma kwenye simu ya mkono wa kushoto na kubonyeza kwa wa kulia, pengine juu ya stuli. Lilikuwa zoezi la kitaifa la kuhuisha mfumo wa kompyuta, na mafundi wake walikuwa wapangaji, wauza duka na watoto waliotumwa na mama zao.

Kwa nyumba ya kawaida, kazi ilikwisha kwa dakika tano. Kwa kampuni yenye mita kadhaa, hali ilikuwa tofauti. Kuna mita ya ofisi, ya mashine, ya nyumba ya mlinzi, ya ghala lililofungwa tangu msimu uliopita, na ile iliyosajiliwa kwa jina la mwenye nyumba aliyehamia Songea. Anayejua zote ni nani? Penye orodha ya mita, mtu mmoja alizunguka na karatasi akaimaliza. Pasipo na orodha, kila mita ilisubiri siku yake ya kukata umeme. Teknolojia ilikuwa ileile kwa wote wawili, na mkakati mmoja wao hakuwa nao kabisa.

Kalenda mpya ya mita inaanza kuhesabu tangu 2014, kwa hiyo itafika ukingoni mwaka 2045. Kijana anayefanya mafunzo kwa vitendo leo ndiye atakayekuwa bosi wakati huo, na inafaa aandikiwe mahali.

Dalili ya kwanza ya mkakati uliopitwa, basi, ni tarehe zinazojulikana ambazo hazijaandikwa popote ndani ya kampuni. Mfumo wowote unazo: tarehe ya leseni kwisha, ya mtengenezaji kuacha kuuhudumia, ya nafasi ya kuhifadhi kujaa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na ilikuwa imeitangaza miaka mingi kabla. Kompyuta yenye Windows hiyo haikuzimika asubuhi yake, na hapo ndipo mtego ulipo. Inawaka, inachapa, inafungua Excel, ila matundu yake mapya ya usalama hayazibwi tena bure.

Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilivuruga hospitali za Uingereza hadi miadi ya wagonjwa ikaahirishwa kwa maelfu, ilhali kiraka cha kuziba tundu kilimopenyea Microsoft ilikuwa imekitoa Machi ya mwaka huohuo. Hospitali hizo zilikuwa na miezi miwili.

Mkurugenzi anaweza kufanya jaribio rahisi. Aombe orodha ya tarehe hizo asubuhi. Ikifika jioni imekamilika, kampuni ina mkakati, hata kama mashine zake ni kuukuu. Akiletewa maelezo marefu ya kwa nini orodha ni ngumu kuiandaa, jibu analo.

Lakini dalili zilizo nyingi hazina tarehe. Tuseme kuna mashine ya kukoboa mpunga pale Igawa. Haina jina, kwa kuwa ni ya kubuni na zinazofanana nayo zimejaa ukanda wote huo. Ilipoanza, shughuli ilikuwa moja. Mkulima analeta magunia, mpunga unakobolewa, analipa kwa kilo, anapakia mchele wake na kuondoka. Programu ya mauzo iliyonunuliwa kipindi hicho ilitosha kabisa. Kisha wakulima wakaanza kuacha mpunga ghalani wakivizia bei ipande. Wafanyabiashara wakaanza kutoa fedha kwa mpunga ambao bado haujakobolewa. Mwenye mashine naye akaanza kupanga mchele kwa madaraja, kutenga chenga, kuwauzia wafugaji pumba, na kupokea malipo kwa simu. Programu ikabaki na hesabu yake moja: kilo mara bei.

Karani hakulalamika. Alinunua kaunta buku.

Akaipiga mistari kwa rula: jina la mkulima, tarehe, magunia yaliyoingia, yaliyotoka, mkopo, saini. Kurasa za nyuma ameziweka kwa wadaiwa wa pumba. Jina lenye duara jekundu lina ugomvi, lenye alama ya vema limemalizana. Kila jioni anapiga picha kurasa za siku hiyo kwa simu yake mwenyewe, na hizo picha ndizo nakala rudufu pekee za kumbukumbu muhimu za kampuni. Mkurugenzi akiomba taarifa, anachapishiwa ripoti kutoka kwenye kompyuta, safi, yenye nembo juu kulia. Ripoti hiyo haiwezi kumwambia mpunga uliomo ghalani ni wa nani.

Mhadhara huu unaona kwamba kaunta buku hiyo ndiyo ukaguzi wa kweli wa mfumo, na tena ni wa bure. Kila safu iliyochorwa kwa rula ni jambo ambalo biashara inalifanya na kompyuta hailijui. Washauri hulipwa fedha nyingi kuja kuandika kilichokwisha kuandikwa humo kwa kalamu ya bluu. Wako mameneja ambao wakikuta daftari kama hilo hufoka na kuamuru kila kitu kiingizwe kwenye mfumo, na karani hutii kwa kuhamishia daftari lake nyumbani. Wangefanya vizuri zaidi kuliomba na kulisoma, ukurasa kwa ukurasa.

Daftari lina ndugu zake. Kuna kundi la WhatsApp ambamo matawi hutuma mauzo ya siku kila jioni, na mtu makao makuu anayanakili upya kwa mkono. Kuna faili la Excel linaloitwa "mwisho kabisa mpya", lililotanguliwa na lingine liitwalo "mwisho kabisa". Kuna fleshi inayosafiri kwa basi kutoka tawi hadi tawi ndani ya bahasha ya kaki.

Watumiaji kuikimbia programu na kwenda na njia yao si jambo la aibu kila mara; kampuni yenye masikio huweza kutajirika nalo. M-Pesa ilijaribiwa Kenya mwaka 2005 kwa kushirikiana na taasisi ya mikopo ya Faulu, na lengo lilikuwa wakopaji walipe marejesho yao kwa simu. Wakati wa majaribio watu wakaanza kutumiana fedha kwa mambo yao mengine kabisa. Safaricom ingeweza kuwakemea warudi kwenye kusudio. Ilipozindua huduma Machi 2007, tangazo lake lilikuwa la kutuma pesa nyumbani, na Aprili 2008 Vodacom ikaileta Tanzania. Hadithi haikuishia hapo. Wateja walivyozidi, mitambo iliyokuwa ikihudumia M-Pesa ya Kenya kutoka Ujerumani ilielemewa, na mwaka 2015 Safaricom ikahamia kwenye jukwaa jipya na kuileta mitambo yenyewe Kenya. Mfumo uliozinduliwa kwa fahari ulikuwa umepitwa ndani ya miaka minane, kwa sababu moja tu: ulifanikiwa.

Wakati mwingine shughuli huhama bila hata waya mmoja kuguswa. Kwa miongo kadhaa, tangu miaka ya 1990, mabasi ya abiria Tanzania yalizuiwa kusafiri usiku. Mwaka 2023 zuio hilo likaondolewa, na mojawapo ya mambo yaliyoiwezesha LATRA kuridhia ni vifaa vya VTS vinavyoonyesha basi liko wapi na linakwenda kwa kasi gani. Fikiria kampuni ya basi ya Mbeya siku hiyo. Ofisi ya tiketi ilikuwa ikifungwa jioni, mhasibu akifunga hesabu za siku kabla ya magharibi, na programu ikitambua safari kwa tarehe ya kuondoka. Sasa basi linaondoka saa 5 usiku na kupita Igawa tarehe imeshabadilika. Abiria wa Igawa aliyekata tiketi ya Dar es Salaam ya "kesho" anasafiri lini? Mkakati wa TEHAMA wa kampuni hiyo ulizeeka kwa tangazo moja.

Dalili nyingine huwa na miguu na huomba likizo. Ni yule fundi au mhasibu ambaye pekee ndiye anayejua nywila, na seva iko chini ya meza yake ikipulizwa na feni ya dukani. Akienda msibani Ludewa, malipo yanasimama. Makampuni humsifu mtu wa namna hiyo kwenye sherehe za Mei Mosi, na kumpa cheti. Anastahili cheti, lakini pia anastahili msaidizi na maandishi, kwani kampuni inayomtegemea kiasi hicho imeufanya mkakati wake kuwa kumbukumbu ya kichwa cha mtu mmoja.

Katikati ya Mei 2021 ununuzi wa LUKU ulikwama nchini. Kwa siku kadhaa wateja walishindwa kununua umeme kwa simu na kwa mawakala, na foleni zikajaa kwenye ofisi za TANESCO. Waziri wa Nishati wa wakati huo, Medard Kalemani, aliagiza maofisa wa TEHAMA wa shirika wasimamishwe kazi. Hatua kama hiyo hueleweka haraka kwa wananchi walioko gizani. Kwa anayejifunza, hata hivyo, maswali yenye faida yako kwingine: mfumo ukikwama, njia ya pili ya kuuza ilikuwa ipi, na mara ya mwisho ilijaribiwa lini? Igawa inaweza kujiuliza hayo kwa kiwango chake. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, iliharibika kwa mpigo mbali kusini mwa Tanzania, na intaneti ikazorota vibaya nchini. Mkongo wa Taifa unafika hadi Tunduma, lakini mkongo wa nchi kavu hausaidii sana kama kampuni imeweka data zake zote Ulaya na haina nakala hata ya orodha ya wadaiwa wake.

Sheria nayo imesogea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili kwa Tume yake. Zile picha za kaunta buku kwenye simu ya karani zina majina ya wakulima, namba zao na madeni yao. Jana zilikuwa bidii ya mfanyakazi mwaminifu. Leo ni taarifa binafsi zilizohifadhiwa mahali ambapo kampuni haina mamlaka napo, na simu hiyo ikiibwa stendi hakuna wa kuifuta.

Baada ya kusema yote hayo, mhadhara huu hauna budi kuwapoza wenye haraka. Kutambua kwamba mfumo umepitwa ni jambo moja; kuuhama salama ni lingine, na gumu zaidi. Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha taarifa za wateja wake wapatao milioni 5 kwenda mfumo mpya katika wikiendi moja. Jumatatu yake hadi wateja milioni 1.9 walikuwa wamefungiwa nje ya akaunti zao. Mkuu wa benki, Paul Pester, aliondoka Septemba mwaka huo, na Desemba 2022 wasimamizi wa fedha wakaitoza TSB faini ya pauni milioni 48.65. Kuacha mfumo wa zamani, uliokuwa wa Lloyds, kulikuwa na sababu za msingi. Pupa ya kuhamisha wote kwa mara moja ndiyo iliyowaponza.

Mashine ya kukoboa ya Igawa ina bahati ambayo benki haina: msimu. Mavuno ya Usangu hujaza maghala katikati ya mwaka, na miezi ya mwanzo wa mwaka foleni ya magunia hukatika. Jambo la kwanza, basi, si kununua. Wakati wa mavuno mtu mwenye uamuzi akae kando ya karani siku nzima, bila kushauri chochote, aandike kila mara karani anapoinua mkono kwenye kibodi na kuishika kalamu. Orodha hiyo ndiyo mahitaji ya mfumo mpya. Itakuwa fupi kuliko anavyodhani, na baadhi ya mambo yatabaki kwenye karatasi kwa haki kabisa, kwa kuwa umeme hukatika na karatasi haizimiki.

Kuna sababu ya kutokawia pia. Barabara ya Igawa hadi Tunduma, kilomita 218, iko katika mpango wa kupanuliwa kuwa njia nne, na kazi ilianzia jijini Mbeya katika kipande cha Nsalaga hadi Ifisi. Upanuzi ukifika, maduka na maghala ya kando ya lami yatalazimika kusogea na mita zao, waya zao na kompyuta zao. Hiyo ni tarehe nyingine ya kuandikwa kwenye orodha. Mwenye mashine akiisubiri, atajikuta anahamisha jengo na mfumo mwezi mmoja. Akianza Februari, ana nafasi ya kuhamisha salio la ghala mkulima mmoja baada ya mwingine, gunia kwa gunia, kila mmoja akiitwa kuthibitisha lake. Kisha daftari na mfumo mpya viendeshwe pamoja msimu mzima. Hesabu za mwezi zikilingana mara mbili mfululizo bila karani kurekebisha kwa mkono, kaunta buku iwekwe kabatini. Zikipishana hata kwa gunia moja, tarehe ya kuhama isogezwe mbele hadi gunia hilo lipatikane.